Mabinti warithi vibanja kabla familia hazijawa ndogo

Nilianza ukunga hapa Kagera wakati jinsia ya mtoto ilijulikana akishazaliwa. Siku hizi mjamzito akilala kupimwa utrasaundi, hata kabla hajauliza kama mtoto yu mzima, huuliza: "Sista, ni wa kiume?" Akiambiwa ni wa kike, wengi hufurahi. Mwenye mabinti wanne nyumbani hugeukia ukutani. Simlaumu. Anajua mumewe akifariki, matanga yakiisha kikao cha ukoo kitakaa, na mashemeji watauliza kibanja kinabaki kwa nani.

Kwa sasa anayetaka mvulana huendelea kuzaa hadi ampate. Lakini uzazi unapungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke wa Tanzania alizaa wastani wa watoto zaidi ya 6. Utafiti wa afya wa 2022 ulikuta 4.8, na mijini 3.6. Ninalifurahia hilo, maana nimeshika mikono ya akina mama waliovuja damu kwenye uzazi wa nane. Hofu yangu ni kwamba familia ikishaamua watoto wawili basi, anayemtaka mvulana hana tena mimba nyingine ya kusubiri. Atakachosubiri ni majibu ya kipimo, na akiambiwa ni wa kike huenda akaitoa mimba.

Korea Kusini walipita hapo. Mwaka 1960 mwanamke alizaa watoto sita hivi. Katikati ya miaka ya 1980 hawakufika wawili. Mwana wa kiume ndiye aliyeendeleza ukoo, akatunza wazazi, akasimamia ibada za mababu. Mwaka 1987 serikali ilipiga marufuku madaktari kutaja jinsia ya mtoto aliye tumboni. Hata hivyo mwaka 1990 walizaliwa wavulana zaidi ya 116 kwa kila wasichana 100, wakati kawaida ya maumbile ni 105 hivi. China nako, sensa ya 2020 ilikuta wanaume wamewazidi wanawake kwa karibu milioni 35.

Wakorea waligusa mirathi yenyewe. Kuanzia 1991 sheria iliwapa mabinti urithi sawa na kaka zao. Mwaka 2005 Mahakama ya Katiba ikaukataa mfumo uliomtanguliza mwanamume kuwa mkuu wa familia. Mabinti wakasoma, wakaajiriwa, wakawatunza wazazi wao. Kufikia 2007 uwiano ulikuwa umerudi karibu na kawaida.

Sisi tulianza vizuri. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alimpa haki Holaria Pastory, mwanamke wa huku kwetu Kagera, aliyeshtakiwa na mwanamume wa ukoo wake kwa kuuza shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Lakini kanuni za mirathi za kimila za 1963 zinampa daraja la kwanza mwana mkubwa wa kiume, la pili wadogo zake wa kiume, la tatu mabinti. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa, ikijibu malalamiko ya wajane wawili wa Kitanzania, ilitutaka tuzibadilishe.

Bunge lizifute. Na baba mwenye kibanja asisubiri Bunge: aandike wosia mwaka huu, amtaje binti kwa jina, aonyeshe mpaka wa sehemu yake, na awaite kaka zake mwenyewe washuhudie.