Mbuzi njo benki yetu, lakini nyoka za tumbo ziko nazimaliza

Tangu benki za Goma zilipofunga milango mwezi wa kwanza 2025, na za Bukavu mwezi uliofuata, familia nyingi zimerudia akiba ya wazee: mbuzi. Ukipata pesa kidogo unanunua mbuzi. Mtoto akifukuzwa masomo juu ya minervali, unauza mbuzi. Mgonjwa akilala hospitali, ni mbuzi tena.

Njo maana mbuzi kufa si habari ndogo. Mama mmoja anayeishi pembeni ya Bukavu amepoteza watatu katika msimu mmoja wa mvua. "Alikuwa nakula muzuri, hakukuwa nahara," anasema juu ya yule wa mwisho. "Asubui nikamukuta amekufa." Majirani walisema ni sumu, na jina la mtu likaanza kutajwa. Bahati nzuri mtu mwenye kujua kazi ya kuchinja alipasua mzoga. Ndani ya tumbo, wadogo kama nyuzi, wenye rangi nyekundu na nyeupe zilizosokotana, walijaa minyoo.

Minyoo, ile ambayo huku kwetu wengi wanaita nyoka za tumbo, iko ya aina nyingi. Huyu wataalamu wanamwita hemonkusi. Hakai kwenye utumbo kama wengine. Anakaa kwenye tumbo la nne la mbuzi, kondoo na hata ng'ombe, na chakula chake ni damu. Mnyoo mmoja hunywa kidogo sana, karibu mililita 0,05 kwa siku. Lakini mbuzi mwenye minyoo 1.000 anapoteza mililita 50 kila siku, na mbuzi wa kilo 20 hana hata lita moja na nusu ya damu mwilini. Fanyeni hesabu wenyewe. Ndiyo sababu huyu anaua bila kuharisha: mnyama anaishiwa damu huku bado anakula.

Anaambukiza vipi? Hapa ndipo vita vinaingia. Jike mmoja wa mnyoo hutaga mayai 5.000 au zaidi kwa siku, yanatoka pamoja na mavi. Kukiwa na joto na unyevu, mayai yanaanguliwa, na ndani ya wiki moja hivi vijidudu viko tayari. Vinapanda kwenye majani kwa njia ya umande, vingi havipiti urefu wa vidole vichache kutoka udongo. Mbuzi akila yale majani mafupi ya asubuhi, amekula na minyoo. Wiki tatu baadaye ile minyoo nayo inataga.

Zamani mbuzi walikuwa wanapanda mlima, wanakula majani ya vichaka, hawarudii mahali pamoja kesho yake. Leo nani atatuma mtoto na mbuzi mlimani? Watu wanaogopa risasi, wanaogopa wezi. Wanamfunga kwa kamba nyuma ya nyumba, kigingi kilekile, juu ya mavi ya jana na ya juzi. Waliokimbia na wanyama wao nao wamejibana kwa jamaa, kundi juu ya kundi, kwenye kiwanja kidogo. Majani yanabaki mafupi kama nywele za mtoto aliyenyolewa. Kwa mnyoo, hiyo ni meza tayari.

Wengi wanakimbilia dawa. Dawa iko, albendazole, levamisole, ivermectin, na ikitumika vizuri inasaidia. Shida ni namna tunavyoitumia. Sokoni nimeona kidonge kikubwa cha ng'ombe kinakatwa kwa kisu, vipande kwa macho tu, kila mbuzi kipande chake. Anayepata kidogo haponi: minyoo dhaifu inakufa, ile yenye nguvu inabaki na kuzaa. Kisha msimu mwingine tunasema dawa ni bandia. Bandia ziko, ni kweli, lakini mara nyingine ni sisi tumefundisha minyoo kuizoea dawa. Na mbuzi si kondoo: mwili wake unamaliza dawa haraka zaidi, kipimo cha kondoo mara nyingi hakimtoshi. Pimeni mbuzi kwa mizani, hata ile ya muhogo, kisha mwulizeni veterineri kipimo. Kwa mwenye mimba changa, albendazole hapana.

Tena, hata dawa nzuri inafanya nini kama baada ya kumeza unamrudisha kwenye kigingi kilekile? Mimi naona tatizo kubwa ni udongo kuliko duka la dawa. Kata majani mbali, jua likiwa limekausha umande, usikate chini kabisa, umletee kibandani. Majani ya miti kama kaliandra, ambayo tayari iko kwenye mashamba mengi ya Kivu, hayana ile hatari, maana vijidudu havipandi juu hivyo. Kibanda cha miti kilichoinuliwa, mavi yanaanguka chini, yanarundikwa mpaka yaive kwa joto lake ndipo yaende kwenye maharagwe.

Na si lazima kunywesha wote. Fungua jicho la mbuzi, geuza kope ya chini. Nyekundu, mwache. Nyeupe kama karatasi, anahitaji dawa leo. Afrika Kusini walitengeneza karata ya rangi tano kwa kazi hiyo, lakini jicho la mfugaji anayechungulia kila wiki linafika mbali. Uvimbe laini chini ya taya nao ni alama mbaya. Wanaoumia zaidi ni watoto wa mbuzi, na jike aliyezaa karibuni ndiye anayemwaga mayai mengi.

Hapo nina neno kwa mashirika yanayogawa mbuzi kwa kupokezana: jike kwako, mtoto wake wa kwanza kwa jirani. Mpango ni mzuri. Lakini mbuzi anapopita uzio, minyoo inapita naye. Afadhali mbuzi kumi wenye veterineri anayewafuata kuliko hamsini na picha ya siku ya ugawaji.

Kuna wanaouliza kama huyu mnyoo anaingia kwa watu kupitia nyama. Kwa kawaida hapana, hemonkusi ni wa wanyama. Ila mnyama aliyepewa dawa asichinjwe kabla ya siku zilizoandikwa kwenye chupa kuisha.

Yule mama amebaki na mbuzi mmoja, mwenye mimba. Ameng'oa kigingi, anakata majani saa nne za asubuhi. Juma iliyopita alimgeuza kope mbele yetu: rangi ya waridi, si nyekundu bado. Na yule jirani aliyesingiziwa sumu hawajasalimiana mpaka leo.