Fundi wa Malukhu naye anahitaji cheti

Mvua zikianza, Corolla za miaka ya 1990 huvutwa kwa kamba hadi gereji za Malukhu, mjini Mbale. Mara nyingi mkosaji ni distribyuta, kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi: kifuniko kimepasuka, unyevu umeingia, injini imegoma.

Dawa ipo. Distribyuta hung'olewa, gurudumu la meno likafungwa kwenye krenki, sensa ikayasoma meno hayo na kompyuta ndogo ikaziamuru koili zitoe moto. Hakuna tena rota ya kusagika. Ila fundi akikosea jino moja tu, moto huweza kuwahi na pistoni ikaungua, na hasara ni ya dereva aliyekopa.

Tangu 2018 Uganda inazuia kuingiza magari yaliyozidi miaka 15. Kenya kikomo ni minane. Sawa, lakini yaliyokwisha kuingia ndiyo yanayobeba abiria leo, na wanaoyatengeneza wengi walijifunzia chini ya mwembe. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu 2010, inazungumzia wafanyakazi kuvuka mipaka. Basi Arusha iweke mtihani mmoja wa mafundi umeme wa magari, wenye cheti kinachokubalika Malaba zote mbili, ya Uganda na ya Kenya.