MAONI YA MHARIRI: MOSHI WA KIATU NI WA NANI?



Wengi wetu tumepata kuvaa raba za Converse, au tumeziona zimepangwa pale Gikomba zikiwa zimekwisha kupita miguu ya mtu mwingine. Kampani hii ilianza mwaka 1908 huko Massachusetts, Marekani. Kwa zaidi ya miaka tisini ilikuwa na viwanda katika nchi yake, hata mwaka 2001 ikafilisika na kufunga viwanda vyake vya Marekani, kikiwamo kile cha Lumberton, North Carolina. Wafanyakazi wakaenda nyumbani. Mwaka 2003 Nike ikainunua. Tangu hapo Converse ni mtoto wa Nike, na viatu vyake hutengenezwa Asia katika viwanda vya watu wengine.

Twaleta habari hii kwa sababu ya ahadi. Nike imeahidi kwamba ifikapo mwaka 2030 itapunguza hewa chafu inayochafua anga na kuongeza joto la dunia. Hewa inayotoka katika ofisi zake, maduka yake na magari yake itashuka kwa sehemu 65 katika kila 100, kulinganisha na mwaka 2015. Ile inayotoka kwa wengine wanaomtengenezea mali na kuisafirisha itashuka kwa sehemu 30 katika 100. Hesabu ya mtoto imo ndani ya hesabu ya baba.

Someni tena tarakimu hizo mbili. Kubwa ni ya ofisi na maduka, ndogo ni ya viwanda. Sasa tujiulize, moshi uko wapi? Kampani iliyofunga viwanda vyake na kubaki na ofisi nzuri kando ya maji mjini Boston haina bomba la moshi la kuzima. Ikinunua umeme safi kwa taa zake, tarakimu yashuka upesi. Lakini soli ya raba lazima ipikwe kwa joto kali ndipo mpira ushikane na turubai, na joto hilo latoka katika boila, na boila nyingi za Asia huchoma makaa ya mawe.

Si sisi tunaobuni. Mwaka 2013 wataalamu wa chuo cha MIT walikifungua kiatu kimoja cha kukimbilia na kukihesabu: vipande 65, hatua za kazi 360, na karibu kilo 14 za kaboni kwa jozi moja. Zaidi ya theluthi mbili ya kaboni hiyo ilitoka katika kukitengeneza, wala si katika kukisafirisha au kukivaa. Puma nayo, ilipokuwa mtoto wa kampani kubwa ya Ufaransa, ilitoa mwaka 2011 hesabu ya hasara iliyoletea maumbile. Ilikuta euro milioni 145 kwa mwaka 2010, na katika kila 100, sehemu 94 zilikuwa kwa wale wanaoiuzia mali, sehemu 6 tu katika nyumba yake yenyewe. Twaipa Puma heshima yake kwa kusema wazi. Wachache hupenda kufungua daftari namna hiyo.

Wazee walisema ahadi ni deni. Sawa, lakini deni lina mdai. Mwaka 2024 waandishi wa ProPublica na gazeti la The Oregonian walieleza jinsi Nike ilivyowapunguza wafanyakazi wake wenyewe wanaoshughulikia mambo haya ya mazingira, hali hewa chafu yake ilikuwa haijashuka sana tangu 2015. Mtu akiwafukuza makarani wa deni lake, mdai ana haki ya kushtuka.

Mtauliza, yatuhusu nini sisi wa Athi River, Ruaraka na Mombasa? Yatuhusu hivi. Viwanda vyetu vya EPZ hushonea wanunuzi wa Marekani, na wanunuzi wote wa nguo na viatu sasa wanasema lugha moja. Umeme wa Kenya si mbaya. Zaidi ya sehemu 80 katika 100 watoka kwa mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua. Lakini boila ya pasi na ya kufulia haili umeme huo, yala kuni au mafuta. Siku moja mnunuzi atamwambia mwenye kiwanda: badilisha boila. Siku hiyohiyo atamwambia: punguza bei ya kila kipande. Mwenye kiwanda atazitafuta fedha wapi? Atakuja kwenye laini. Taget itapanda, ovataimu itakatwa, na supavaiza atasema ni kwa ajili ya dunia.

Na joto lenyewe tayari limo ndani. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilikadiria mwaka 2019 kwamba ifikapo 2030 joto litakula saa za kazi zilizo sawa na kazi za watu milioni 80. Wataalamu wa Chuo cha Cornell, mwaka 2023, waliangalia Bangladesh, Kambodia, Pakistani na Vietnam, wakaona kwamba joto na mafuriko vyaweza kuzinyima nchi hizo karibu kazi milioni moja katika nguo na viatu. Wale ni wenzetu wa sindano. Anayesimama kwenye pasi saa nane za mchana hahitaji profesa kumweleza.

Hatusemi ahadi hizi ni mbaya. Twasema tuwemo ndani yake. Mkataba wetu ujao na waajiri uwe na kifungu cha joto: maji ya kunywa karibu, mapumziko ya kulipwa, na taget kushushwa siku za jua kali. Na mnunuzi anayetaka boila mpya achangie bei yake, maana ahadi ni yake.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kila mahali penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Wajumbe wa matawi, ulizeni kama kamati yenu ipo na mara ya mwisho ilikutana lini. Nunueni kipimajoto, kitundikeni karibu na pasi, andikeni kila siku saa nne, saa nane na saa kumi. Daftari hizo zije kwa Katibu kabla ya mazungumzo ya mkataba kuanza.

Mhariri