Tusiuhukumu Udongo kwa Rangi

Wengi wetu hapa Ruwi tuna vyungu vya mchicha roshani, na kwa kuwa udongo wa nchi hii una mboji haba, twauongeza samadi. Je, uhai wake hupimwaje?

Hupimwa kwa vimeng'enya, viyeyushavyo mabaki yakawa chakula cha mmea. Mwaka 1969, Tabatabai na Bremner wa Marekani walieleza jinsi ya kupima kimojawapo, fosfatasi. Udongo hutiwa dawa yenye fosfeti, ukaachwa saa moja katika joto la nyuzi 37. Kimeng'enya huikata dawa, ikatoka rangi ya manjano. Ikikolea, kazi ni nyingi.

Lakini mboji nayo hutoa maji ya kahawia, na chombo huyahesabu kuwa ni kazi. Hivyo udongo husifiwa kwa jambo usilolitenda. Kwa hiyo huwekwa shahidi: udongo uleule, unaotiwa dawa baada tu ya kazi kusimamishwa. Rangi ya shahidi hutolewa katika hesabu, na kinachobaki ndicho haki ya kimeng'enya.

Enyi vijana wetu mnaosoma sayansi, msitoe hukumu kabla ya kumsikiliza shahidi.