Mwenyeji wa "Jambo Bwana" ni Nani?

Mwandishi aliyedai kwamba wanamuziki wa kundi la Boney M. ndio waliotuonyesha "Jambo Bwana" inavyopaswa kuimbwa ameupima wimbo kwa kipimo kisicho chake. Teddy Kalanda Harrison wa bendi ya Them Mushrooms aliutunga akiwatazama watalii wa hoteli za Pwani ya Kenya. Anayeuimba anashika nafasi ya mwenyeji: anasalimu, anajulia hali, anakaribisha. Them Mushrooms wanaimba hivyo hasa, sauti tulivu, gitaa bila haraka. Boney M., mwaka 1983, waliupa kiitikio kinene na mdundo wa disko. Kazi safi, sikatai, lakini humo namsikia mgeni akikumbuka likizo yake.

Mwandishi huyo pia anawaita waimbaji wa hoteli za Malindi na Watamu waigaji. Hapo amewadhulumu. Mwimbaji akiona meza ya Waitaliano hupenyeza "buonasera" bila kuvunja mapigo. Mtoto akianza kupiga makofi, anaurudia ubeti. Chakula kikifika, anashusha sauti. Santuri gani inaweza hayo? Mwenzetu akae nao usiku mmoja, awasikilize mpaka mwisho, kisha aandike upya.