Vijiji Vitano kwa Siku Moja

Kuna kauli inayorudiwa mno hata imekuwa kibwagizo: kwamba pwani ya Cinque Terre, kule Liguria, kaskazini-magharibi mwa Italia, humalizwa kwa siku moja. Asubuhi Riomaggiore, kisha Manarola, kisha Corniglia, adhuhuri Vernazza, alasiri Monterosso, na jioni mtu amerejea La Spezia, picha tele, roho imeridhika. Wanaoiuza ratiba hiyo huiita mapumziko. Mimi naiita kazi ya tarishi. Tarishi naye hupita kila mlango, lakini hakuna asemaye kuwa amezizuru nyumba.

Naandika kwa ghadhabu kidogo, na msomaji aniwie radhi, kwani nami nilikiitikia kibwagizo hicho. Nilikwenda kwa sababu ya Eugenio Montale, ambaye nimekuwa nikiyafasiri mashairi yake kwa miaka, kamusi mkononi, bila mwalimu. Siku yangu ya kwanza nilivipita vijiji vyote vitano kwa treni. Ukiniuliza leo nilichokiona, nitakujibu: giza la mahandaki. Reli ile, iliyokamilika mwaka 1874, imetobolewa ndani ya mwamba kwa sehemu kubwa ya njia. Baina ya kijiji na kijiji ni dakika chache, na nyingi ya hizo ni za gizani. Unaingia shimoni, unatoka, bahari inakumulika mara moja kama mtu aliyefungua dirisha akalifunga, kisha shimoni tena. Nilishuka, nikapiga picha, nikatazama saa, nikapanda. Usiku sikuweza kukumbuka ni kijiji gani chenye kanisa lililokaa ukingoni mwa maji. Ni Vernazza. Nilikijua siku ya tatu.

Si reli ninayoilaumu. Reli ni rafiki wa msafiri asiye na haraka. Gari ndilo lisilofaa kabisa: barabara hujipindapinda juu mlimani, vijiji vyenyewe havina njia ya kulipitisha, na mahali pa kuliegesha ni pachache tena pa ghali. Mwenye kukodi gari kwa ajili ya pwani ile amekodi mzigo wa kuubeba. Ninalolikataa ni kuigeuza treni kuwa upawa wa kuonjea vyungu vitano bila kula hata kimoja.

Basi iweje? Chagua kijiji kimoja; viwili, ukiwa na siku tatu. Nenda kwa treni, toka kwa miguu, rudi kwa mashua. Kutoka Monterosso hadi Vernazza kwa njia ya mlimani ni kama kilomita tatu na nusu, na kwa mtu wa umri wangu ni saa mbili na ushei, kwa kuwa njia hupanda na kushuka na huwezi kuacha kusimama. Mashua za abiria husafiri tangu majira ya machipuko hadi ya vuli, bahari ikiridhia. Ikichafuka hazitoki, nawe hukaa ulipo ukangoja kama watu wote wa pwani wanavyongoja. Corniglia haina bandari. Imekaa juu ya jabali kiasi cha mita mia moja, na anayeshuka kituoni ana basi dogo, au ngazi ya vidato 382. Nilivipanda. Sikuvihesabu, idadi niliisoma baadaye, nikaiamini kwa ushahidi wa magoti. Na viatu, jamani! Mara ya kwanza nilifika penye lango la njia nimevaa makubadhi, nikarudishwa, kwani viatu vya wazi vimekatazwa njiani. Haki ilikuwa yao.

Ataniuliza mtu: jasho lote hilo la nini, na mandhari ni yale yale? Hapo ndipo hasa penye ugomvi wangu nao. Si yale yale. Milima ile huporomokea baharini kwa mteremko mkali usiolimika. Watu wake, kwa karne na karne, waliikata matuta kama ngazi, wakayazuia kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa wala saruji, na juu yake wakapanda mizabibu. Kwa ajili ya kazi hiyo UNESCO iliiingiza pwani ile katika Urithi wa Dunia mwaka 1997, na mwaka 2018 ufundi wenyewe wa kupanga mawe, wa Italia pamoja na nchi nyingine kadhaa za Ulaya, ukaorodheshwa nao. Aliye katika treni hupita chini ya kuta hizo asizione. Aliye katika mashua huziona kama mistari ya daftari. Ni mwenye miguu tu azionaye zilivyotumbuka: jiwe limeanguka njiani, tuta limeachwa, magugu yameshika pa mzabibu, kwa sababu aliyekuwa akilijenga upya kila baada ya mvua amekufa au amehamia mjini.

Mlima usio na mwenyewe haushiki udongo. Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua ilishusha tope na mawe juu ya Vernazza na Monterosso, watu wakafa. Sidai kwamba kuta zingeizuia mvua ya namna ile. Nasema kwamba mgeni aliyetembea saa mbili kando ya kuta zile ataelewa habari hiyo aisomapo, na aliyekuja kupiga picha za nyumba za rangi ataiona kama ajali tu. Mwaka uliofuata mawe yakaporomoka juu ya Via dell'Amore, kijia mashuhuri baina ya Riomaggiore na Manarola, yakajeruhi wageni; kikafungwa kwa zaidi ya miaka kumi, na kilipofunguliwa mwaka 2024 kikawekewa tiketi na saa maalumu ya kupita. Wapo walionung'unikia tiketi. Mimi ningenung'unikia kile kilichoifanya ilazimu.

Mwenzangu mmoja barazani ana hoja nzito kuliko hiyo. Anasema: pole pole ni anasa ya mwenye fedha, maskini akijaaliwa siku moja, mwache avione vyote vitano. Nimeifikiria sana. Lakini mwenye siku moja hafidiwi kwa kuigawa mafungu matano. Kijiji kimoja, kijia kimoja, na mkate wenye dagaa wa Monterosso ni nafuu kuliko kupanda na kushuka kutwa. Tena treni ile si ya kwetu peke yetu: mwanafunzi huiendea skuli, mpishi huiendea kazi, bibi kizee humwendea tabibu La Spezia. Kila anayerukaruka vijiji vitano huhesabika katika behewa mara sita. Anayekaa mahali pamoja huhesabika mara moja ya kuja, mara moja ya kuondoka. Maskini wa kule naye ana siku yake, naye husimama jukwaani akiitazama treni iliyojaa ikiondoka bila yeye.

Na sisi wa visiwani tusijitie usafi. Hapa Unguja hatuchoki kumsema Mtaliana ashukaye uwanja wa ndege akapelekwa moja kwa moja Kiwengwa, akaletwa Mji Mkongwe kwa nusu siku, akarejea kwao bila kujua Makunduchi iko upande gani. Twasema hakutuona. Kweli. Lakini zamu yetu ya kwenda kwao ikifika, twanunua ratiba ile ile.

Sasa nirudi kwa Montale, kwani kwangu mimi deni ni kwake. Alizaliwa Genova mwaka 1896, akasomea uhasibu, ushairi akajifunzia mwenyewe kwa kusoma, jambo linalonipa moyo. Nyumba ya kiangazi ya wazazi wake ilikuwa Monterosso. Diwani yake ya kwanza ya mwaka 1925, ile aliyoiita kwa mifupa ya dome, mifupa myeupe ambayo bahari hutupa ufukweni kwao na kwetu, imejaa adhuhuri za pwani ile. Katika shairi moja la ujanani mwake mna ukuta wa bustani uliochomwa na jua. Miaka yote nimeandika "ukuta", na nilipouandika niliuona ukuta wa mjini kwetu, uliopakwa chokaa, uliosimama wima.

Siku ya nne, baina ya Monterosso na Vernazza, saa sita ya mchana, niliegemea. Mawe yalikuwa makavu, hayakushikana ila kwa uzito wao, yakachoma mgongo kupitia shati. Mjusi akatoka katika ufa, akanitazama, akaingia ufa mwingine. Nyuma ya mawe palikuwa na bustani ndogo ya mboga. Nikalikumbuka neno ambalo wazee wetu walilitumia kwa ua wa mawe uzungukao shamba.

Niliporudi nilifuta "ukuta" katika muswada, nikaandika "kitalu". Mhariri kanirejeshea kurasa na alama ya kuuliza pembeni, kwa kuwa kwake yeye kitalu ni pahali pa kuotesha miche. Nimeliacha neno kama lilivyo.