Kubonyeza Kitufe si Kukubali: Kwa Nini Bado Tunakuuliza PIN

Wateja wetu wenye biashara hutuuliza swali moja kila mara: "Nimeshaingia kwenye akaunti, nimeshabonyeza Idhinisha kwenye kompyuta, sasa mbona mnanitumia tena ujumbe wa PIN kwa simu?" Ni swali la haki. Mtu ana foleni dukani, vibarua wanangoja pesa za wiki, na sisi tunamwongezea hatua nyingine.

Jibu letu ni fupi. Kitufe kikibonyezwa kwenye tovuti, hiyo peke yake si ushahidi kwamba kuna mtu aliyekibonyeza. Kampuni inayoshika pesa za watu ikichukua mbonyezo huo kuwa "ndiyo" ya mteja, inacheza na pesa zisizo zake.

Hebu tueleze vile mambo huenda ndani ya kivinjari. Ukibonyeza kipanya juu ya kitufe, kivinjari hutengeneza taarifa ndogo ambayo waandishi wa programu huiita tukio. Taarifa hiyo inasema kitufe gani kimeguswa, kama ni upande wa kushoto au wa kulia wa kipanya, na mshale ulikuwa sehemu gani ya ukurasa. Ukurasa hauoni mkono wako wala kipanya chako. Unaona taarifa tu, kisha unatenda.

Sasa, taarifa hiyo inaweza pia kuandikwa na skripti. Viwango vya wavuti vya mwaka 2000 tayari viliwapa waandishi wa programu njia ya kuunda tukio la kipanya wao wenyewe na kulituma kwa kitufe chochote kwenye ukurasa. Siku hizi kazi imekuwa rahisi zaidi: mstari mmoja wa JavaScript unatosha kutafuta kitufe na kukibonyeza. Mkono wako umeshika kikombe cha chai, lakini ukurasa unaamini umebonyeza.

Hii si siri, na si uovu. Wanaojaribu tovuti kabla haijafika kwa wateja hutumia zana kama Selenium, iliyoanza mwaka 2004, kubonyeza vitufe mara nyingi bila kuchoka. Kuna pia watu ambao hawawezi kushika kipanya kwa sababu ya ulemavu, na wanategemea programu iwabonyezee. Kwa hivyo hatukubaliani na wanaosema kila mbonyezo usiotoka kwa mkono uzuiwe. Ukifanya hivyo, utamfungia nje mteja mwaminifu, na mwizi atatafuta njia nyingine.

Wengine watasema, si kivinjari chenyewe kinaweza kutofautisha? Kwa kiasi, ndiyo. Kila tukio lina alama inayoitwa isTrusted. Ukibonyeza mwenyewe, alama husema kweli. Tukio likitumwa na skripti ya ukurasani, husema si kweli. Ni alama nzuri, lakini haiwezi kuwa mlinzi wa pesa zako. Kwanza, zana zinazoendesha kivinjari chenyewe, kama hiyo Selenium, hutoa mibonyezo inayoonekana halisi kabisa. Pili, alama hiyo inabaki kwenye kompyuta yako. Seva ya kampuni haipokei kipanya, inapokea ombi la kutuma pesa. Na skripti ikishaingia ndani ya ukurasa, inaweza hata kuruka kitufe na kutuma ombi hilo moja kwa moja.

Hapo ndipo hatari ilipo. Skripti haiji ikiwa imeandikwa "mwizi" usoni. Inaweza kuja kama ekstensheni ya bure inayoahidi kukujazia fomu, na wakati wa kuiweka inaomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data yako kwenye tovuti zote. Inaweza kuja kama ujumbe wa WhatsApp unaokuambia ubandike maneno fulani kwenye konsoli ya kivinjari ili upate bonasi. Ukikubali, na tayari umeingia kwenye akaunti yako, umeipa mikono yako. Itajaza namba, itajaza kiasi, itabonyeza Tuma. Kukuuliza tena "Je, una uhakika?" hakusaidii kitu, kwa sababu skripti itajibu ndiyo kabla hujasoma swali.

Ndiyo maana tunashikilia PIN kwenye simu. Simu ni kifaa kingine. Skripti iliyo kwenye kivinjari cha kompyuta haiwezi kunyoosha mkono ikaandika PIN kwenye simu iliyo mfukoni mwako. Ujumbe ule unakuonyesha jina la anayelipwa na kiasi, mbele ya macho yako, mahali ambapo ukurasa uliochezewa haufiki. Lakini ulinzi huo unafanya kazi ukisoma tu. Anayeweka PIN bila kuangalia jina amerudi kuwa kitufe.

Tunajua upande wa pili wa hoja. Mwenye vibarua 60 hawezi kuweka PIN mara 60 kila Jumamosi. Ni kweli, na hatumlaumu mtu anayetafuta skripti ya kumbonyezea. Mfumo unaomlazimisha mtu kurudia kitendo kimoja mara 60 unamfundisha asisome. Lakini dawa yake si kuondoa PIN. Dawa ni orodha moja yenye majina yote, kiasi cha kila mmoja na jumla, mtu aipitie, kisha PIN moja. Na biashara inayotaka kompyuta ilipe yenyewe iunganishwe kwa njia rasmi, ikiwa na funguo zake, kikomo chake cha pesa na kumbukumbu ya kila malipo. Mashine ikifanya kazi ya mashine, ijitambulishe kama mashine. Isijifanye mkono wa mwenye duka.

Kwa sasa, fanya haya. Fungua orodha ya ekstensheni kwenye kompyuta ya biashara na uondoe zote usizozijua au usizozitumia. Usibandike msimbo wowote kwenye konsoli kwa sababu mtu amekuambia. Chrome na Firefox zenyewe huonya kuhusu jambo hilo, na onyo hilo lina maana. Ukimaliza kazi, toka kwenye akaunti, usifunge dirisha tu. Kama mfanyakazi anahitaji kupakua taarifa za malipo pekee, mpe akaunti isiyoweza kutuma pesa.

Na ujumbe wa PIN ukiingia kwa simu ilhali hujaomba malipo yoyote, usiweke PIN hata kama jina unalijua. Kataa, toka kwenye akaunti kwenye kompyuta, kisha utupigie. Huenda kuna kitu kimebonyeza kwa niaba yako, na neno la mwisho bado ni lako.